Sharti Lisilotimizika Halilindi Mpaka

Iwe ni kwenye vikao vya usalama, redioni, au vijiweni pale Omurushaka na Kayanga, kauli ni ileile, na imerudiwa mpaka imekosa mpinzani: wilaya za Karagwe na Kyerwa zimekaa pabaya, zimepakana na nchi mbili, kwa hiyo usalama wa Tanzania unategemea kubana masharti ya kuvuka. Mwenye safari halali aende na pasipoti yake, apite kivuko cha Murongo, agongewe muhuri. Asiye nayo abaki kwao. Kulegeza hapo, tunaambiwa, ni kukaribisha jambazi, mlanguzi wa kahawa, mporaji wa ardhi na ugonjwa.

Naipinga kauli hiyo, na sababu yangu si kwamba usalama ni jambo dogo. Sisi tunaoishi huku ndio wa kwanza kuumia unapokosekana. Naipinga kwa sababu haileti kile inachokiahidi. Sharti ambalo watu wengi hawana uwezo wa kulitimiza halimzuii mtu kuvuka. Linamtoa dirishani kwa ofisa na kumpeleka njia ya panya, ambako hakuna wa kuandika jina lake, wa kumpima joto wala wa kupekua mzigo wake. Tunadhani tumefunga mlango, kumbe tumefunga daftari.

Tuutazame mpaka wenyewe. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda kaskazini na Rwanda magharibi. Karagwe iliyobaki inatazamana na Rwanda. Kwa sehemu kubwa mpaka huo ni Mto Kagera. Kivuko rasmi kinachofahamika na kila mtu ni Murongo, mkabala na Kikagati iliyoko wilaya ya Isingiro nchini Uganda. Anayetaka kuingia Rwanda kwa daraja kubwa hana budi kushuka hadi Rusumo, wilayani Ngara. Katikati ya vituo hivyo kuna mwendo mrefu wa mto na mafunjo, na vijiji ambavyo watu wake wameoana, wanazikana na kuuziana maharage na mikungu ya ndizi. Mnyambo wa Kaisho na Mnyankole wa Kikagati wanazungumza bila mkalimani. Hakuna serikali duniani yenye askari wa kutosha kusimama kila penye mtumbwi katika mto kama huu. Tusipolikubali hilo, kila sera tutakayoitunga itajengwa juu ya ndoto.

Watetezi wa ukali hupenda kusema kwamba mpaka ni mpaka, ndivyo ulivyo tangu zamani. Historia ya hapa inasema vingine. Mstari wa kaskazini ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890, zilizokubaliana kutumia nyuzi moja kusini mwa ikweta, mstari wa hesabu ambao haukujua mji wa mtu wala shamba lake. Upande wa magharibi nako, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliipa Uingereza ukanda wa Gisaka, mashariki ya Rwanda, kwa sababu Waingereza walitaka njia ya reli. Ukanda huo ulikaa chini yao tangu 1922 hadi mwisho wa 1923, kisha ukarudishwa Rwanda na mpaka ukahamia mtoni. Watu walilala upande mmoja wa utawala na kuamka upande mwingine bila kunyanyua mguu.

Sisemi mipaka hii ifutwe. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyesimama mstari wa mbele Cairo, Julai 1964, wakati nchi huru za Afrika zilipoazimia kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, na alikuwa sahihi. Lakini Nyerere huyohuyo, mwaka 1960, alitamka kwamba yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili majirani wapate uhuru pamoja waunde shirikisho. Aliyeilinda mipaka hakukusudia iwe ukuta kati ya ndugu. Aliitaka iwe mahali ambapo mamlaka moja inaishia na nyingine inaanza, ili kusiwe na vita. Hayo ni mambo mawili tofauti, na siku hizi tunayachanganya.

Wala masharti ya safari si jambo geni katika nchi hii. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, Speke hakuondoka tu kuelekea Buganda kwa sababu alikuwa na bunduki na vitambaa. Alingoja. Rumanyika alipeleka habari kwa Kabaka Mutesa, jibu likarudi, na mjumbe wa Kabaka akaja kumpokea mgeni na kumwongoza njiani mwanzoni mwa 1862. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa mgonjwa, alibaki Karagwe. Huo ulikuwa utaratibu kamili wa uhusiano wa nchi mbili: mgeni anajulikana ni nani, anakwenda kwa nani, na nani anamdhamini. Lengo lilikuwa kumfahamu mtu. Leo tumelisahau lengo tukaing'ang'ania karatasi, na tumempa Rumanyika heshima ya jina la hifadhi ya taifa tangu 2019 bila kuirithi busara yake.

Karatasi yenyewe basi. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, ada yake ilitangazwa kuwa shilingi 150,000. Katika miaka hiyohiyo mkulima wa Kagera alilipwa na chama chake karibu shilingi 1,000 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Maana yake, ili mama wa Murongo avuke kihalali kwenda kumwona dada yake Kikagati, ambako moshi wa jiko lake anauona, alihitaji kuuza kilo 150 za kahawa, bado nauli ya kufuatilia na siku za kazi zinazopotea. Nitaambiwa kwamba ipo hati ya dharura ya safari, nayo ni nafuu. Ni kweli ipo, lakini imekusudiwa kama jina lake linavyosema. Msiba, soko la kila wiki na mtoto wa dada anayeolewa si dharura. Ndiyo maisha yenyewe ya mtu wa mpakani. Hati yenye kikomo, fomu na picha, inayofuatwa ofisini upya kila mara, haiwezi kuwa utaratibu wa watu wanaovuka mara kwa mara mwaka mzima. Matokeo yake kila mmoja wetu huku anayajua: mtu hupita kwa huruma ya ofisa aliye zamu, au hupita asikoonekana. Haki inayotegemea huruma ya zamu si haki, na ulinzi unaotegemea huruma hiyo si ulinzi.

Nije sasa kwenye hoja nzito kuliko zote, hoja ya usalama. Siibezi. Mwaka 1994 Karagwe ilipokea wakimbizi wa Rwanda katika makambi ya Kyabalisa, Rubwera, Omukariro na Murongo, na misitu iliteketea kwa kuni kabla ya makambi kufungwa mwishoni mwa 1996. Mabasi yetu yamesindikizwa na polisi katika mapori ya barabara ya Ngara kwa hofu ya majambazi. Hofu hiyo ina mizizi. Lakini jambazi gani aliwahi kufika dirishani kwa ofisa wa uhamiaji akarudishwa kwa kukosa pasipoti? Sharti hilo linampata mama mwenye kikapu, kwa kuwa ndiye anayependa kupita barabarani.

Tumekwisha kuona ukali unaishia wapi. Mwezi Mei 2013, katika mkutano wa Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete alishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano wa nchi mbili ukachafuka. Julai, akiwa mkoani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwasaka na kuwaondoa. Serikali ilisema sababu ni ujambazi na silaha haramu, na sina haja ya kubishana na sababu hiyo. Nabishana na zana iliyotumika. Maelfu ya watu walivuka kwenda Rwanda, na kati yao walikuwamo walioishi huku miongo kadhaa, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Hii ni nchi iliyowapokea Wanyarwanda huko Nkwenda tangu miaka ya 1960, na mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, kitendo ambacho dunia ilikisifu. Baada ya hapo vizazi vikavuka na kurudi bila kuandikwa popote. Palipotakiwa kumtenga raia na mgeni, kumbukumbu hazikuwapo. Na kumbukumbu zinapokosekana, hukumu huangukia sura, jina na lafudhi. Aliyesababisha upungufu huo ni utaratibu uliowafanya watu wavuke bila kuandikwa, yaani utaratibu uleule ambao leo tunaambiwa tuukaze zaidi.

Wanaoamini kwamba karatasi nzito humzuia mtu mbaya wautazame mfano wa Seychelles, nchi ya visiwa 115 katika bahari yetu, yenye watu wachache kuliko wilaya ya Karagwe. Tarehe 25 Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walitua uwanja wa ndege wa Mahé kwa ndege ya abiria ya shirika la Swaziland, wakijifanya kundi la watalii wapenda bia. Karatasi zao hazikuwakwamisha. Aliyewafichua ni ofisa wa forodha aliyepekua begi akakuta bunduki. Mapigano yakazuka, nao wakateka ndege ya Air India wakakimbilia Durban. Tanzania inaijua habari hiyo kwa karibu, maana katika miaka ile tulikuwa na askari wetu Seychelles kuisaidia serikali yake. Nchi ndogo kiasi kile, iliyovamiwa kwa njia ya uwanja wake wa ndege, ingekuwa na kila sababu ya kujifungia. Leo raia wa karibu kila nchi huingia Seychelles bila viza. Haina maana kwamba masharti hayapo. Msafiri huomba idhini kwa mtandao kabla ya safari, huonyesha mahali atakapolala na tiketi ya kurudi. Kila sharti hapo lina kazi yake, na kazi hiyo ni kumjua anayeingia. Wataalamu wanaopima uwazi wa mipaka barani wameiweka Seychelles pamoja na Benin, Gambia na Rwanda, jirani yetu, miongoni mwa nchi zisizomdai Mwafrika yeyote viza.

Nitajibiwa kwamba kisiwa kina bahari ya kukilinda, sisi tuna mto tu. Jibu hilo linaniunga mkono. Seychelles wanayo milango michache, ndiyo maana wanaweza kumtaka kila mtu apite mlangoni. Sisi tulio na mto mrefu unaovukika kwa mtumbwi tuna shida kubwa zaidi ya kuwafanya watu wapende kupita mlangoni. Na mlango hupendwa unapopitika.

Hoja ya pili ni magendo. Kahawa ya Kyerwa na Karagwe imevuka kwenda Uganda miaka mingi, na kila msimu tumesikia doria, pikipiki zilizokamatwa na magunia yaliyotaifishwa. Lakini mkulima hakuivusha kahawa kwa sababu mpaka ulikuwa rahisi kupita. Aliivusha kwa sababu ng'ambo ilikuwa na bei nzuri zaidi na malipo ya papo hapo, wakati huku alikatwa tozo nyingi na kungoja malipo ya pili. Wengine walikuwa wamekwisha kuiuza kwa butura, ikiwa ingali maua mtini, kwa sababu mtoto alitakiwa ada shuleni. Miaka ya karibuni serikali ilipopunguza tozo na kuleta minada ya wazi, na soko la dunia la robusta likapanda, bei ya mkulima wa Kagera ilipanda mara kadhaa, na viongozi wa mkoa wenyewe wamekiri kwamba magendo yamepungua. Mto ni uleule, masharti ya safari ni yaleyale. Kilichobadilika ni bei. Bati la Kyerwa nalo lina somo hilohilo: mchimbaji aliyekosa soko halali lenye cheti kinachotambuliwa na nchi za Maziwa Makuu alijikuta akimtegemea mnunuzi wa gizani. Dawa ya magendo ni soko. Ndiyo maana inauma kuona masoko ya kimkakati ya Murongo na Nkwenda, yaliyoanzishwa chini ya mradi wa kilimo wa DASIP, yalivyokwama kwa miaka mingi huku fedha na nguvu vikielekezwa kwenye kufukuzana na wanawake wenye mikungu.

Hoja ya ardhi naipitia haraka, kwa kuwa ina jibu fupi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010, inasema kinagaubaga kwamba ardhi itatawaliwa na sera na sheria za kila nchi. Sheria zetu za mwaka 1999 hazimruhusu mgeni kumiliki ardhi ya kijiji. Ardhi inapouzwa kwa mgeni, mkosaji ni kiongozi wa kijiji aliyeweka saini. Kumzuia shangazi asivuke kuja kwenye msiba hakuponyi saini hiyo.

Kuhusu magonjwa, hapo wapinzani wangu wananipa silaha. Kagera ilipigwa na Marburg Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, na tena Januari 2025 huko Biharamulo. Uganda ilipambana na Ebola kuanzia Septemba 2022. Magonjwa haya yanazimwa kwa kumfuata kila aliyemgusa mgonjwa: alipita lini, alilala wapi, alikutana na nani. Aliyevuka usiku kwa mtumbwi hatajwi, wala hatajitaja, kwa sababu kusema alikotoka ni kukiri kosa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumetunga utaratibu unaowalazimisha watu kuficha. Kipimajoto pale Murongo kina faida kwa yule tu anayepita Murongo.

Nini kifanyike? Kifanyike kile ambacho majirani walikwisha kufanya. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Hatuhitaji mkataba mpya. Ibara ya 9 ya Itifaki ya Soko la Pamoja tuliyoisaini inaziruhusu nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kuwa hati za safari. Tuanze na wilaya za mpakani. Mwananchi wa Kyerwa au Karagwe aoneshe kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, pale Murongo, aweke kidole kwenye mashine, jina lake liingie kwenye kompyuta, apewe idadi ya siku. Mganda na Mnyarwanda apokewe vivyo hivyo kwa kitambulisho cha kwao. Vifunguliwe vituo vidogo zaidi kandokando ya mto, kila kimoja na ofisa wa uhamiaji, wa forodha na wa afya. Na mfanyabiashara mdogo aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu kuvusha bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasilia, kwa sababu wengi hutozwa rushwa kwa kutojua haki hiyo.

Wapo watakaosema vitambulisho vya NIDA haviaminiki huku mpakani, kwamba wageni wamevipata kwa hila. Basi wajibu swali moja: pasipoti wanayoitaka inaombwa kwa kutumia nini? Inaombwa kwa namba ya NIDA. Laini za simu zetu zimesajiliwa kwa namba hiyo na alama za vidole. Kama kitambulisho hakiaminiki, pasipoti iliyojengwa juu yake nayo haiaminiki, na ada ya shilingi 150,000 haigeuzi uongo kuwa kweli. Kazi halisi iliyobaki ni kukamilisha usajili wa wananchi wa mpakani, ambao wengi wamezungushwa kwa maswali ya uraia kuliko mtu wa Dodoma au Morogoro, ili raia awe na cha kuonesha na mgeni ajulikane kuwa mgeni.

Kuna sababu nyingine ya kulifanya hili sasa, wakati uhusiano wetu na majirani ni mzuri. Uhusiano hubadilika. Rwanda ilipofunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, Februari 2019, haukufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022. Marais walitofautiana, na walioumia ni wauza maziwa, wagonjwa na wanafunzi. Mtu wa mpakani asiwe na haki inayopanda na kushuka kwa hali ya mazungumzo ya viongozi. Iandikwe katika kanuni, ili hata siku za ugomvi ajulikane kuwa ni jirani mwenye jina na namba.

Tena serikali inajua kushirikiana inapotaka. Pale Kikagati na Murongo, maji ya Kagera yanazungusha mitambo ya umeme, takriban megawati 14, na Tanzania na Uganda zilikubaliana kugawana umeme huo nusu kwa nusu. Wanasheria wa nchi mbili walikaa, wakapimana maslahi, wakaandika. Kama walipata njia ya kugawana maji ya mto ambao ni mpaka, watapata njia ya kumruhusu mwenye mji kandoni mwa mto huo avuke kwa heshima.

Wanaotaka masharti ya leo yaendelee wasituambie tena kwamba yanalinda taifa bila kuonesha yamelilinda vipi. Miaka yote hii yamekuwapo, na kahawa ilivuka, silaha zilipita, watu walihamia na kuhama bila kuandikwa. Mzigo wa ushahidi uko kwao. Sisi tunaomba jambo dogo na la haki: tuhesabiwe tunapovuka, badala ya kulazimishwa kujificha. Nchi inayomjua kila anayeingia na kutoka ina usalama mkubwa kuliko nchi inayojivunia ukali wa fomu zake, na Waziri mwenye dhamana anaweza kulianza jambo hili pale Murongo bila kungoja mtu yeyote.